Kimya Baada ya "Mwanangu"

Asiyekuwepo na lake halipo, husema watu. Si kweli. Asiyekuwepo, lake ndilo lililopo kuliko letu sisi tuliopo. La mtu mmoja asiyekuwepo nimeliimba tangu nikibebwa mgongoni, na siku nilipoambiwa ni la nani, nilimnyang'anya mara ya pili. Aibu hiyo ni yangu. Naisimulia mwenyewe kabla hawajanisimulia wengine.

Wimbo wenyewe ni "Ukiamka Nipo". Ukikaa Kisauni utakuwa umeusikia hata kama hujawahi kukanyaga kanisani. Huimbwa matangani, huimbwa wodini, huimbwa na akina mama wa Mishomoroni wakikaanga viazi. Ubeti wa kwanza ni huu:

Nipo hapa, sijaondoka,
mkono wangu huu, mwanangu.
Lala, bado hakujakucha,
ukiamka nipo.

Baada ya "mwanangu" watu wote hunyamaza. Kinanda kimya, ngoma kimya, vichwa chini, kwa muda wa kuvuta pumzi moja ndefu. Mgeni hujulikana papo hapo, maana yeye hupitiliza akajikuta anaimba "Lala" peke yake kama anayeota, na watoto wakamcheka. Tulifundishwa kwamba katika kimya kile Roho hupita kati ya mabenchi. Nilipokuwa darasa la pili niliwahi kufumbua jicho moja ili nimwone. Nilimwona mama akinikodolea macho.

Mtunzi wake, tulivyojua, ni tsawe, babu yangu mzaa baba, Mwinjilisti Nguma Jefwa. Alikuja Mishomoroni mwaka wa sabini na nne na Biblia, jembe na wimbo huo. Watu walipomuuliza ameutoa wapi alijibu, "Niliupokea." Basi. Hakuongeza neno hadi tulipomzika. Wengine ndio waliomwongezea: kwanza ikawa ndoto, kisha sauti, kisha malaika.

Kanisa lilipokaribia kutimiza miaka hamsini, Mchungaji Kiponda aliniita ofisini. Nilikuwa mjukuu wa mtunzi, nilikuwa na diploma ya uanahabari, na nilikuwa na sifa nyingine ambayo aliitaja kama anayetaja ugonjwa.

"Wewe, Kache, mdomo unao. Sasa uutumie kwa Bwana."

Alitaka kijitabu cha historia ya wimbo, kurasa ishirini na nne, jina langu kwenye jalada. Nilitoka pale nikitembea kama niliyevishwa taji.

Siku hizo nilikuwa nakaa meza moja na Swabra, tuliyesoma naye chuo, kwenye duka la kuchapa kadi za harusi. Swabra ni Mdigo wa Shika Adabu, kule Likoni. Asubuhi moja nilikuwa napanga herufi za kadi huku nikiuimba wimbo puani. Nilipofika kwenye kimya, nikanyamaza kama kawaida. Swabra, bila kuinua macho kwenye kompyuta yake, akasema, "Abee."

"Abee nini? Nani amekuita?"

"Si wimbo wa nyanya huo? Hapo ndipo pa kuitikia. Tukiwa wadogo tulikuwa tunaitikia kwa kuiba, akitusikia anatukimbiza na ufito."

"Nyanya yako ni Mwislamu, Swabra."

"Na wewe ni Mgiriama wa kanisani, mbona Idi huondoki kwetu mpaka ukoko wa pilau uishe?"

"Sifanyi mzaha. Huu ni wimbo wa tsawe. Aliutunga yeye."

"Kwenda zako! Nyanya hajui kanisa lina milango mingapi, na wimbo huo anao tangu babangu hajazaliwa. Twende Jumamosi umuulize. Ukimwita mwongo, umwite mbele yangu, nione utakavyokimbia."

Nilikwenda ili kumshinda. Huo ndio ukweli. Nilibeba daftari na simu ya kurekodia, na ndani ya feri nilikuwa nikipanga sentensi nitakazomwambia Swabra tukirudi.

Bi Mwanarehema tulimkuta uani, amekaa mkekani, anashona makuti. Umri wake sabini na sita. Ufito mrefu ulikuwa umelala mapajani, na yeye akikunja majani ya mnazi juu yake, moja baada ya moja, akiyafunga kwa uzi wa mwaa, jani gumu lililochanwa nyembamba. Kila baada ya majani kadhaa aliinama, akaushika uzi kwa meno, akauvuta kwa mkono wa kulia mpaka fundo likakaza. Mapaa mengi ya hoteli za Shanzu yamepita kwenye meno hayo.

"Shikamoo, nyanya."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Ndiye huyu wa kitabu? Mbona mwembamba hivi? Kwao hawapiki?"

"Wanapika, nyanya," alisema Swabra. "Yeye hula maneno."

Nikamwambia nilichofuata, na jina la tsawe. Hakushangaa. Aliendelea kukunja majani, na bila kunitazama akaanza kuimba, kwa sauti ya mtu anayefanya kazi, si ya kumwimbia mtu.

Nipo hapa, sijaondoka,
mkono wangu huu, Sabah.

Akainama, akauma uzi, akavuta. Mdomo ulikuwa umejaa mwaa. Nilihesabu mapigo yale yale ya kimya chetu, hayakuzidi, hayakupungua. Fundo lilipokaza aliachia uzi na kuendelea: Lala, bado hakujakucha.

Nilijua kabla hajamaliza ubeti. Na jambo la kwanza nililofanya, Mungu wangu, nilitazama kama simu inarekodi.

"Sabah ni nani, nyanya?"

"Mwanangu wa kwanza. Alikuwa na miaka minne." Alichukua jani jingine. "Homa ilimshika wiki ile niliyokuwa na makuti ya watu, yanangojewa. Nikamlaza hapa nyuma yangu. Mtu akishona hawezi kugeuka geuka, ufito utakimbia. Basi namwita kwa wimbo. Nikiuma uzi siwezi kusema, yeye huniitikia, 'Abee.' Nami najua yupo. Siku mbili nzima: Sabah, abee. Sabah, abee. Tena alikuwa mcheshi, siku nyingine huniitikia kwa sauti ya bibi kizee."

Akacheka kidogo.  Nadhani hata Swabra hakuwahi kuisikia yote.

"Siku ya tatu nikamwita, nikauma uzi. Hakuitikia."

Mikono yake ikasimama.

"Sikiza, mwanangu. Nilimaliza fundo kwanza. Ndipo nikageuka."

Uani pale palikuwa na kuku wawili wakiparura, na jirani akisugua chungu.  

"Na huyo babu yako," aliendelea, "alikuja baada ya matanga. Alikuwa akifanya kazi gatini, amepanga chumba cha uani. Kijana mpole. Akitoka kazini hukaa pale mlangoni, anasikiza. Nami baada ya Sabah nikawa naimba vile vile, naita, nauma uzi, nanyamaza. Sikuwa na wa kuitikia. Siku moja akaniuliza, 'Dada, huo wimbo ni wa nani?' Nikamwambia, 'Wa mwanangu.' Akaniambia, 'Wanifaa.' Nikamwambia, 'Basi, uchukue.' Nilidhani anataka kuimba akibeba magunia."

"Hakukuuliza kuhusu kile kimya?"

"Atauliza nini? Alidhani ndivyo ulivyo."

Kwa hiyo Roho wetu aliyepita kati ya mabenchi miaka hamsini alikuwa nafasi ya mtoto ambaye hakuitikia. Tsawe alijifunza wimbo ukiwa na shimo, akalibeba shimo hilo salama mpaka ng'ambo, akatufundisha kuliinamia. Na mama aliyekaa na mgonjwa wake, huyo anayesema "nipo", tulimwita Mungu. Neno moja tu babu alilibadilisha. Alitoa Sabah akatia mwanangu, ili kila mtu aweze kujiweka pale.

Niliuliza anataka kijitabu kisemeje. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote: jina lake kwenye jalada, mtunzi wa kweli, fidia ya moyo.

"Mimi sitaki kitabu, kusoma kwenyewe sijui. Swabra amenambia mtakuwa na siku kubwa, na huo wimbo utaimbwa na watu wengi. Nataka siku hiyo mwanangu aitwe kwa jina lake. Na mtu amwitikie. Mara moja, inatosha. Mimi nimemwita miaka hii yote."

"Nakuahidi, nyanya."

"Usiniahidi. Sema inshallah."

"Inshallah," nikasema. Akanipa ufito niushike upande wa pili, akanitazama vidole na kutikisa kichwa. "Mikono ya karatasi hii."

Baba yangu, Matthew Nguma, ni mzee wa kanisa na kiongozi wa kwaya. Jioni hiyo hiyo nilimwekea simu mezani akasikiliza mwanzo hadi mwisho. Nilitarajia apige kelele. Kelele ningeziweza. Alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaifuta tena.

"Baba alisema aliupokea," alisema.

"Aliupokea kwa mtu, baba. Yule pale anaongea."

"Hakusema kwa nani."

"Na nyinyi mkaona malaika ndiye aliye karibu zaidi kuliko Likoni?"

"Kache, punguza mdomo." Alisema polepole. "Mamako alipokuwa anakata roho pale hospitalini nilimwimbia nini? Ndani ya kile kimya ndimo alimofia. Sasa nimwambie nini, kwamba ilikuwa ni mtu anauma kamba? Na kesho sokoni watasema nini? Nguma mwizi. Mwizi wa wimbo wa marehemu. Andika vile watu wanavyojua. Huyo mama mshukuru mwisho wa kitabu, 'na wote waliotusaidia.' Baba yako nakuomba."

Baba hajawahi kuniomba kitu. Huniagiza.

Nikaandika. Laiti ningeandika kidogo, nikasema "aliupokea" nikaweka nukta, ningekuwa nimerithi kosa tu. Sikuweka nukta. Nilijua kazi yangu. Niliandika mvua ya masika iliyopiga mabati usiku kucha, taa ya chemni iliyokataa kuzimika, kijana aliyepiga magoti mpaka magoti yakafa ganzi. Niliandika kwamba kimya kile ni "pumzi ya Roho iliyotua juu ya midomo ya wanadamu". Nilisoma sentensi hiyo kwa sauti, peke yangu, nikaipenda. Tsawe alinyamaza. Mimi niliongeza. Uongo wa kanisa zima ulikuwa umechakaa na kuchanika. Nikaushona upya, nikaukaza fundo kwa meno yangu mwenyewe.

Zikachapwa nakala mia tano. Swabra aliziona dukani, akasoma ukurasa wa saba akiwa amesimama.

"Nani huyu anayepiga magoti?"

"Swabra, baba ali..."

"Nimekuuliza huyu ni nani."

 Swabra alikirudisha kijitabu kwenye boksi taratibu, kama kitu kilichooza.

"Nyanya amenunua leso mpya ya Jumapili," alisema. "Nimwambie asije?"

Hapo ningeweza kusema ndiyo, na ningekuwa mwoga tu. Nilisema, "Mwache aje." Nilijiambia nitatafuta nafasi. Mtu mwenye maneno mengi hudhani nafasi itamngoja.

Jumapili ilijaa mpaka nje. Tulikuwa tumejenga banda la makuti ubavuni mwa kanisa kwa wageni, na madirisha yakafunguliwa wasikie. Bi Mwanarehema alikaa pale kwenye kiti cha plastiki, mstari wa mbele, leso mpya kichwani, Swabra pembeni yake. Kabla ya kuketi aliinua macho akakagua paa la banda, akanyoosha kidole mahali fulani, akamwambia Swabra kitu, na wote wawili wakacheka. Nadhani lilikuwa limeshonwa vibaya.

Mchungaji Kiponda akaniita nisome. Nilisoma ukurasa wa saba, wote. Mvua, taa, magoti. Sauti yangu ilikuwa nzuri. Hilo ndilo linalonichoma hadi leo, kwamba ilikuwa nzuri. Kupitia dirishani nilimwona amenielekezea sikio, uso umetulia, akingoja. Kila nilipovuta pumzi alikaa wima kidogo, akidhani sasa linakuja. Nilipofika kwenye "pumzi ya Roho" watu walisema amina, wengine wakasimama. Nilifunga kijitabu. Bi Mwanarehema naye akapiga makofi, polepole, kwa adabu ya mgeni.

Kisha baba akainua mkono na kwaya ikaanza. Mimi nilikuwa bado nimesimama kwenye kipaza sauti.

Ubeti wa kwanza. Mkono wangu huu, mwanangu. Kimya. Niliinamisha kichwa. Hata hapo, niliinamisha.

Ubeti wa pili. Kimya. Nilitazama viatu vyangu. Vilikuwa vipya pia.

Ubeti wa mwisho hurudia ule wa kwanza, kwa sauti ya chini. Watu mia nane walisema "mwanangu" na kunyamaza. Na kutoka dirishani, juu kidogo ya sauti zao, ikabaki sauti moja kavu ya kizee ambayo haikusema mwanangu.

"Sabah!"

Hakupiga kelele. Aliita kama mtu anavyomwita mtoto aliye chumba cha pili. Vichwa vikainuka. Nikamwona amefunga mdomo, meno yamekutana, kama ameshika uzi. Anangoja.

Mtoto wa kike wa Pwani akiitwa na mkubwa huitikia. Hatufundishwi mara mbili. Hata ukiwa umenuna, hata ukiwa umekosa, hasa ukiwa umekosa, ukiitwa huitikia. Niliona kimya kinakaribia kwisha. Niliona mkono wa baba ukiinuka kuwaleta watu kwenye "Lala". Nikakishika kipaza sauti.

"Abee," nikasema.

Ikatoka kwenye spika zote, za ndani na za bandani. Mtoto mmoja akacheka. Mama mmoja mbele akasema, "Shindwe!" Kwaya ikapotea njia. Bi Mwanarehema aliachia meno, akatoa pumzi, akainamisha kichwa kwenye leso yake, mabega yakimtikisika, na Swabra akamkumbatia.

Nikasema yote. Nilisema niliyoyasoma ni uongo, nimeuandika mimi, malaika hayumo. Nilisema kuhusu gati, chumba cha uani, ufito na homa. Nilipofika kwenye jina la Sabah kwa mara ya pili baba alichomoa waya, nami nikamalizia bila waya. Sauti yangu naijua, hufika mpaka nje yenyewe.

Siku ya pili yake nilivuka kwenda Shika Adabu. Nilipiga magoti uani, kweli safari hii, na nikaomba radhi kwa Bi Mwanarehema. Kwa mvua, kwa taa, kwa zile beti mbili nilizoinama nikimsikia anangoja. Alinisikiliza akishona.

"Mimi nilimaliza fundo kwanza," alisema mwishoni. "Wewe je, ulimaliza?"

"Nilikaribia, nyanya."

"Basi. Shika ufito huo, unakimbia."

Sikusamehewa zaidi ya hapo, wala sikudai.

Jana jioni wazee wa kanisa walinikalisha kikao. Walikuwa saba, na chai na mahamri ambayo hakuna aliyeyagusa. Baba alikaa pembeni akitazama dirisha. Mchungaji Kiponda alisema vijitabu vimekusanywa, nami nikajibu, "Vizuri, vichomwe." Alisema wimbo hautaimbwa mpaka Pasaka, watu watulie. Alisema nimeivuruga ibada, nimeudhihaki utulivu mtakatifu, nimemvua nguo marehemu. Kila neno liliniingia, maana nusu yake ni kweli. Nilimtazama baba, na shingo yake ilivyokonda ghafla, nikatamani ardhi ipasuke.

"Hatutaki makubwa," Mchungaji alisema. "Jumapili usimame, useme: nimekosa, naomba radhi kwa kuitikia pale madhabahuni. Neno moja. Tufunge kwa maombi, tunywe chai."

"Kwa kijitabu nimekosa," nikasema. "Hilo nitalisema Jumapili, na Jumapili nyingine mkitaka."

"Na kwa lile abee?"

Baba akageuka kutoka dirishani. Macho yake yalikuwa yakiniomba, kama jioni ile ya simu.

"Mtoto aliitwa," nikasema. "Kwa hilo siombi radhi."